Toa Matatu

Shule ya Gerezani, 6 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Mimi mzima, vumbi la gereji tu ndilo linanimaliza kifua.

Nimeshika ushauri wako: kila somo, jaribio kabla na jaribio baada. Darasa langu la tatu wako tisini na wawili, lakini karatasi zinaniambia nirudie wapi. Swali la kutoa nililiweka hivi: Mezani kuna mafungu saba ya nyanya. Toa matatu. Yako mangapi? Kabla ya somo walikosa hamsini. Baada ya somo, sita. Mmoja wao ni Chiku, anaishi na bibi yake muuza nyanya wa Kariakoo. Aliandika kumi. Nikafundisha wiki nzima, akaandika kumi tena. Kichwa kigumu hicho! Nimemwandikia bibi yake kwamba hesabu haziwezi, arudi darasa la pili.

Mwanao,
Kuruthumu

Tanga, 15 Februari 2024

Kuruthumu mwanangu,

Marahaba. Presha imeshuka, miguu ndiyo inagoma.

Barua yako imenikosesha raha. Mtoto anayebahatisha leo ataandika kumi, kesho mbili. Huyu kashikilia kumi yake. Umemuuliza kaipataje? Jaribio humpima mwalimu kwanza, nilikwambia tangu ukiwa chuoni. Muulize kabla hujamshusha.

Mama yako

Gerezani, 2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua yako ilipofika Chiku alikuwa keshaacha shule, nikaona aibu kukujibu.

Jana nilipita sokoni, nikawaona. Mezani mafungu saba. Bibi akasema, "Chiku, toa matatu." Mtoto akainamia tenga, akatoa nyanya, akapanga mafungu matatu mengine juu ya meza. Yakawa kumi.

Nikamwomba bibi amrudishe, kosa ni langu. "Si uliandika mwenyewe, mwalimu, kwamba haziwezi?" akasema. "Mwache, hapa ananifaa." Nikamgeukia Chiku, nikamwambia jibu lake lilikuwa sahihi. Hakuinua macho.

"Mwalimu, mimi hesabu siziwezi," akajibu, huku akimfungia mteja mafungu yake bila kukosea hata moja.

Karatasi zake ninazo. Nimeziwekea tiki zote mbili, na sina wa kumrudishia.

Mwanao,
Kuruthumu