Mgonjwa Niliyemtaja Mbele ya Kamati

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu, na hiyo cherehani yako inayopiga kelele kuliko mwenyewe. Sisi huku ni wazima, tena tuna furaha ya kupasua mbavu. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu umeacha kupokea. Hali yako je? Na ule unaouita upepo wa kinenani, bado unausukuma ndani kwa kiganja kabla ya kukanyaga cherehani, halafu unamwambia wifi umekaa vibaya tu? Mimi ni muuguzi, Kaka. Ile ni henia. Baba mdogo naye aliiita upepo mpaka utumbo ukanasa, tukamzika.

Najua umekwama wapi. Ulikubali kuja kupasuliwa hapa kituoni kwetu, maana malipo yetu mtu wa kawaida anayamudu, ila ukasema umalize kwanza sare za shule. Sare zikaisha, mageuzi ya afya nayo yakaingia. Tukaambiwa chumba chetu cha upasuaji kifungwe, upasuaji wote uhamie hospitali kuu, ambako fundi kama wewe angeuza cherehani ndipo alazwe. Nikajua hutakwenda ng'o. Niliogopa sana.

Basi juzi kamati ya mageuzi hayo ikaja kutusikiliza. Ukumbi wa mapokezi ulifurika, wengine wamening'inia madirishani. Daktari wetu mpasuaji, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa na hotuba nzuri, lakini aliposhika kipaza sauti maneno yakamkimbia. Mwenyekiti akasema kama hakuna la ziada, wapitishe uamuzi wa kufunga.

Sasa, kwetu, kabla kisu hakijagusa ngozi, lazima mmoja asimamishe kila kitu, awe ni bingwa gani mbele yake, tuulizane kwa sauti mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, upande gani. Kazi hiyo ni yangu, na mdomo umeshazoea. Nikajikuta nimesimama, mkono juu, nawaambia waheshimiwa wasubiri kwanza, mgonjwa ni nani? Sindano masikini, kwa mazoea, akainua mikono kifuani kana kwamba amevaa glavu! Mwenyekiti akasema hakuna mgonjwa, huu ni mpango tu. Nikamjibu kwamba sisi hapa hatumgusi mtu tusiyemjua. Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka, kisha akaniuliza kwa upole, basi huyo mgonjwa ni nani. Nikamweleza mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipoketi, hakuna aliyekuwa akicheka.

Kaka, chumba kinabaki! Malipo ni yaleyale, na mwenyekiti alitangaza palepale kuwa mpango mpya utayalinda. Tulipiga vigelegele, na Sindano kwa kiherehere akamkumbatia dereva wa kamati akidhani ni mwenyekiti.

Sasa kaa chini, kama hujakaa. Mgonjwa niliyemtaja ni wewe. Jina sikulisema, naapa, lakini nilisema kinena, nikasema upande wa kulia, nikasema kiganja na cherehani na uongo anaoambiwa mke. Sikujua redio ilikuwa inarusha mkutano moja kwa moja. Wifi alikuwa jikoni anasikiliza. Alinipigia kabla sijatoka ukumbini, analia na kucheka kwa pamoja, akasema hicho kiganja anakijua. Nilimsihi anyamaze mpaka barua hii ifike, na najua ilivyomwia vigumu.

Ukitaka kununa, nuna, ila uje ununie kitandani kwetu. Nafasi yako ni Jumanne. Mimi ndiye nitakayesimama na kuuliza mgonjwa ni nani, na safari hii nitalitaja jina lako kwa sauti, nikishukuru Mungu.

Wabusu wanao. Barua hii nimeipitisha kwa wifi, kwa hiyo inua macho umwangalie hapo mlangoni. Mfuko alioushika ni wako. Usimwambie umekaa vibaya.

Ni mimi mdogo wako, mdomo mrefu wa chumba cha upasuaji.