Wageni wa Benki Walipokula Bondeni

Bondeni, njia ya Ushongo,
Pangani.
12 Mei 2024

Mpendwa kaka Muntasir,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. U hali gani, na wifi Ghadir na watoto? Joto la Maskati mmelizoea? Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mola, ila mioyo haijatulia. Simu sikupiga, maana nyumba yetu unaijua, neno la chumbani linafika barazani. Ndiyo maana nimempa Mudathir, anayesafiri kuja huko, barua hii akufikishie mkononi.

Kaka, ile barabara tuliyoiombea dua imefika. Benki ya maendeleo, ile inayochangiwa na nchi nyingi, ndiyo iliyoikopesha serikali. Harub mume wangu akapata kazi humo, anaendesha gari la maji la mkandarasi. Tulifurahi mno. Lakini tuta limeinuliwa kama ukuta, na pale maji ya mvua yalipokuwa yakivuka kwenda baharini hawakuweka kalavati. Masika haya maji yamekuja kwetu yakakaa. Choo kimefurika. Mama anaswalia kitandani, kifua kinambana, na kuhama amekataa katakata.

Tukasikia wageni wa benki wanakuja kukagua. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Badru, akapita nyumba kwa nyumba. "Fakhria, wakikuuliza sema alhamdulillahi, basi. Ukilalama watafunga mkoba, tubaki na vumbi letu." Harub naye akasema, "Mkandarasi akijua mke wangu ndiye msemaji, nani atanipa tena ufunguo wa gari?" Akanitaka ahadi kwamba maji sitayataja. Nikampa, na jina la Mungu nikalitaja. Kisha usiku kucha nikawa namsikia Mama anakohoa.

Siku yenyewe tulikusanywa shuleni chini ya turubai, mahali pakavu. Mgeni mkubwa alikuwa mwanamke wa makamo, na mkalimani wake. Akauliza kama barabara imemletea mtu shida. Badru anatukodolea macho mmoja mmoja. Nikainuka. Nikasema mimi sina neno, ila kwetu mgeni haondoki bila kuonja chungu cha mwenyeji, na nimepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tena mama yangu ni mtu mzima, hawezi kutembea, angependa kuwaona.

"Chakula kipo hapahapa!" Badru akadakia.

Shangazi Zuwena akamrukia. "Tangu lini, Badru, unamzuia mgeni asiingie kwa watu? Au umenusa samaki ukaona watakupunguzia?" Watu wakaangua kicheko. Yule mgeni alipofasiriwa akacheka pia, akainuka.

Sikufichi, kaka: nilijua njia ya kwetu ni ile moja tu. Wakavua viatu, maji yakawafika nusu ya muundi. Mimi mbele, mdomo nimeufunga. Mlangoni Mama akawapokea: "Karibuni wanangu. Pandeni kitandani, huko chini hapakaliki." Wakala wamekunja miguu juu ya kitanda. Mgeni akamuuliza Mama maji yameanza lini. Sasa Mama hakumwahidi mtu kitu. Alisema yote, na choo akakionyesha kwa kidole.

Kipande chetu cha barabara kimesimamishwa mpaka kalavati lipatiwe mahali pake. Wahandisi wamekuja kupima, maji bado yapo. Harub ameambiwa akae nyumbani asubiri, na hakuambiwa mpaka lini. Badru salamu yangu haitikii. Wapo wanaosema nimeifukuza barabara.

"Ulisema hutasema," Harub aliniambia.

"Sikusema," nikamjibu.

Tangu hapo haniiti kwa jina. Akitaka chai anamwambia Mama, "Mwambie huyo." Kila nikimaliza swala najiuliza kama ahadi ile niliitunza au niliivunja, na shekhe wetu naona haya kumuuliza.

Nakuomba jambo moja tu. Mpigie simu Harub, wewe anakuheshimu. Barua hii usimtajie. Zungumzeni yenu ya kiume, na kama katika mazungumzo atanitaja kwa jina langu, nijulishe.

Wifi Ghadir mpe salamu zangu, na watoto uwabusu. Shangazi Zuwena anakusalimu sana, na Mama anakuombea kila alfajiri. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali, aturudishie uso wako ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fakhria