Kinu kikinyamaza

Goma, Jumanne, 1953

Kumbe haogopi makelele! Tangu mume wangu arudi kutoka vita ya Wazungu, wamama majirani wanatwangia sombe yao, majani ya muhogo, mbali, eti asishituke. Leo mvua imewakimbiza kwenye baraza yetu. Wakatwanga mpaka ukuta ukatikisika, naye akasinzia kwenye kiti.

Walipomaliza tu, akaruka, macho mlangoni, jasho linamtoka.

"Papa Furaha, ni nini?" nikamuuliza.

"Mbona kimya? Kule porini ndege walinyamaza kwanza. Kisha risasi."

Miaka yote hii, wema wetu ndio ulikuwa unamutesa? Na usiku, Goma yote ikinyamaza, anasikiliza nini?

Wamama wakaenda na sombe yao. Nikashika muchi, nikatwanga kinu kitupu mpaka nikasikia anakoroma.