Wageni wa Chumbani Kwako

Sapiwi, Bariadi
Machi 18

Kaka yangu Malimi,

Mwangaluka, na shikamoo juu yake. U mzima? Mwanza inakutunza, au bado unakula chapati za barabarani asubuhi na jioni? Sisi wazima, ng'ombe wanashiba, na pamba imeanza kutoa vitumba. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya hapa ikilia tu, mama anaweka spika, na haya si ya spika.

Tangu uliposema Pasaka unamleta Winnie tumuone, nafagia chumba chako kila siku. Basi kila asubuhi nakuta mbawa za vipepeo wa usiku chini ya boriti. Mbawa tu, miili haipo! Mama alipoziona alishika kiuno, akasema nyumba imetupiwa kitu na Winnie asikanyage hapa. Kaka, nililia. Nimechoka kukua bila dada, namtaka huyo wifi.

Nikapanda juu ya kitanda chako kutazama. Loo! Popo wawili wananing'inia, masikio marefu kuliko uso mzima, yamesimama kama ya sungura. Usoni wana mfereji katikati, kama mtu aliyelalia mshono wa mto. Manyoya ya kahawia, laini, na hata nikimeza mate wanageuza masikio. Jioni nikawaona wakitoka, wanaruka chini chini, polepole, juu ya pamba yetu. Mmoja alirudi na kipepeo mdomoni, akajining'iniza, akala mwili, akadondosha mbawa. Wachawi wenyewe ndio hao! Na vipepeo wale ndio wanaotuletea funza wa vitumba.

Nilipomweleza mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini akasema, uchawi au si uchawi, mkwe wake halali na popo. Nichukue bomba la pamba nikawapulizie dawa. Nikaingia, nikafunga mlango, akalisikia bomba likifanya kazi. Tangu siku hiyo anaisifia dawa ile kwa kila jirani, tena mbele yangu.

Sasa kaka, nisamehe. Bombani niliweka maji matupu, nikapulizia ukuta. Yule jike ana mtoto kamng'ang'ania tumboni, nikashindwa. Popo wako bado wapo. Wewe utalala ghalani, Winnie atalala kwangu.

Nimefika hapo, mama kaingia kuuliza namwandikia nani. Nimekiri yote. Kumbe alijua siku ile ile! Anasema dawa ya pamba inanuka hadi kwa jirani, na yangu haikunuka hata chembe. Na lile turubai nililolikuta limefunika kitanda chako, nikidhani ni la vumbi, alilitandika yeye kwa ajili ya kinyesi cha popo. Anasema Winnie aje. Akiogopa, atamshika mkono yeye mwenyewe.

Basi msalimie sana wifi yangu. Na mkifika, usibamize mlango. Kuna mtoto ndani.

Mdogo wako akupendaye,
Debora