Mtaliana Akinyamaza

Al-Hamra, Jeddah
12 Machi 1981

Mdogo wangu Saleha,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako kimepoa. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, na mimi nimenenepa mpaka pete hazivuki kidole.

Tumehama Al-Hindawiyah. Halas, mambo ya kupanga foleni ya choo yamekwisha. Tuna nyumba Al-Hamra, kila chumba na kiyoyozi chake, hata jikoni. Na yote ni Badawi mwanangu. Yuko Riyadh kwa Wataliana wanaojenga majumba, fundi wa umeme, na wakubwa zake hawaugusi waya mpaka yeye aseme. Si kama watoto wa wenzangu wanaoshinda vibarazani.

Mtaliana mmoja alimwazima santuri ya mwimbaji wa kwao, anayetunga mwenyewe na kuimba mwenyewe. Magitaa na vinanda vya umeme vitupu. Mimi nasikia friji linalotaka kufa, ila nimejifunza kutikisa kichwa. Badawi aliipenda mpaka akaja nayo Jeddah airekodi, akaniuliza kama nina kaseti tupu. Nikampa moja.

Mwezi uliopita tulimposea binti wa watu wa Al-Rawdah, Waunguja wenzetu, ila wale wenye nafasi. Wanawake walijaa ukumbini kwangu. Nikaiweka kaseti ya Mtaliana, wajue mwanangu hasikilizi vya kila mtu. Mama wa binti akasema inamuuma meno. Nikamwambia atazoea, ndiyo inayosikilizwa Ulaya. Kumbe nyimbo za upande ule ni dakika ishirini, na upande wa kaseti ni thelathini. Mtaliana akanyamaza, sisi tunakula halua. Kisha mama akaanza kusema.

Mama yetu, Saleha, kwa sauti ile ya kukatikakatika, ananiita Mwanamize mwanangu. Wageni wakauliza ni nani huyo. Nikawaambia ni yaya aliyetulea, mzee maskini, akili zimemruka. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Badawi alikuwa nyuma ya pazia, ameleta kahawa. Akasema kwa nguvu, wakwe wote wanasikia, kwamba huyo ni bibi yake, aliyemzaa mama yake, na mtu asiiguse hiyo redio.

Sasa nikwambie. Nilikuandikia kwamba kaseti yenu haikufika, kwamba Idi aliyekuja kuhiji ameipoteza au ameiuza. Nilisema uongo. Idi aliniletea mkononi, imefungwa kwenye leso ya mama. Nilisikiliza mwanzo tu. Aliposema anakufa na anataka kuniona, nikazima. Baba Badawi angesikia angenipandisha ndege siku ileile, nami nilikuwa nangoja ufunguo wa nyumba hii. Ndiyo maana nikampa Badawi amrekodi Mtaliana wake humo, sauti ifutike.

Najua mama aliuliza miezi miwili kama nimejibu, mpaka akafa, uliniandikia mwenyewe. Najua Idi mlimwita mwizi mbele ya watu, mkamvunjia uchumba na Nunu, na Nunu mkamwoza yule mzee kuwa mke wa tatu. Mimi nikakusifu kwa kumlinda mwanao.

Badawi amesema haoi mpaka jina la Idi lisafishwe. Barua hii ameniandikisha yeye, amesimama hapa mlangoni, na atakuletea mwenyewe pamoja na kaseti. Nakuomba umwambie umenisamehe, wakwe wanangoja. Kuhusu Idi, muwaambie watu tu kwamba kaseti ilichelewa forodhani. Yeye kijana, atapata mke mwingine. Mimi hapa nina jina.

Nisalimie majirani wote, na Nunu mpe pole, kitenge chake nimempa Badawi.

Hiyo kaseti weka upande wa kwanza, mwache Mtaliana aimbe mpaka anyamaze. Hapo usizime. Mama anasema kama safari ni nzito nisije, nisijisumbue. Anasema nijaze sauti yangu kwenye kaseti hiyohiyo, hata shikamoo moja tu, nimpe Idi airudishe, naye atangoja aisikie ndipo afe.

Mimi nilipozima sikuwa nimefika hapo.

Dada yako,
Mwanamize