Tiki Nyekundu Juu ya Tanzia ya Gavana

Jumanne, 4 Machi

Gavana amefariki, ukurasa wa pili. Yu hai — nimemsikia redioni asubuhi, anafoka.

Tangazo la mbolea liliondolewa dakika za mwisho, ukurasa ukabaki na shimo, mpanga kurasa akachomoa kitu kwenye droo yangu akaliziba. Ni droo ya tanzia za watu ambao bado wazima. Huwa tunaziandika mapema, tunaacha nafasi ya tarehe. Hakuisoma. Ilikuwa na tiki yangu nyekundu, tiki ya msahihishaji, na katika gazeti hili chenye tiki yangu hakisomwi tena. Hata nukta za tarehe zimechapwa vilevile: alifariki tarehe nukta nukta nukta.

Mhariri kashika kichwa. Mzee, umetuua! Nikamwambia aliyeuawa ni mmoja tu, na bado anaongea.

Jumatano, 5 Machi

Ajabu. Kifo wamesamehe! Afisa habari wa Gavana kaja na viatu vinavyong'aa, hakutaka hata kiti. "Kufa si neno, wazee wangu. Nani kasema bosi ana miaka sitini na sita?"

Hapo ndipo penye moto. Sheria ya jimbo haimruhusu aliyevuka sitini na tano kugombea, na uchaguzi ni mwezi ujao. Kwenye fomu Gavana kajaza sitini na moja. Mimi pia kwenye tanzia niliandika sitini na moja, nakumbuka vizuri. Basi nani kabadili?

Tunachunguzana. Mhariri anamshuku mpanga kurasa. Mpanga kurasa anamshuku mama mfagiaji, kwa kuwa ndiye pekee anayesoma gazeti zima.

Alhamisi, 6 Machi

Mfagiaji kakana. Ila kanionyesha makosa mawili ukurasa wa michezo. Yapo kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata nakala ya mkono ya ile tanzia, imekwama nyuma ya droo. 61 imekatwa kwa penseli. Pembeni, 66. Chini yake — tiki yangu.

Mhalifu ni mimi!

Yote yamenirudia. Januari dada yake Gavana alikuja kuweka tangazo la msiba wa mumewe. Nina desturi yangu, mwaka wa ishirini na nane sasa: tanzia haijakamilika mpaka ndugu mmoja aisome. Ofisi hupoteza mafaili, ndugu hawasahau. Nikampa ile ya mdogo wake. Akaisoma palepale kaunta na miwani ya marehemu, akaomba penseli. "Huyu nimembeba mgongoni mimi, nikiwa darasa la pili. Sitini na moja ya wapi?" Tukacheka, yeye na msiba wake. Nikatia tiki, nikasahau.

Umri wangu mwenyewe niliandikiwa mpakani, nilipokimbilia nchi hii, na afisa mwenye haraka. Tarehe mosi Januari, kama nusu ya foleni ile. Alinipunguzia miaka mitatu. Marehemu mama angemwomba penseli.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne afisa habari karudi na barua. Nisaini, isomwe redioni saa saba. Inasema nimefanya uchunguzi, nathibitisha kwamba umri wa kweli wa Gavana ni miaka 61, na kosa ni langu. Kibali changu cha ukaazi kinaisha Ijumaa. Kipo mezani kwa Gavana, kasema, kinasubiri muhuri tu. Halafu kwa upole: "Mzee, huko kwenu bado kuna wa kukupokea?"

Hakuna. Nyumba yetu ilipitiwa na barabara. Hata mti wa uani nilikuwa naukumbuka kwa upande usio wake — kaka alinisahihisha kwa barua, kabla naye hajaondoka.

Nikaomba dakika tano, nikampigia simu yule dada. Nikamsomea barua. "Kaka yangu, siwezi kwenda kumsema mdogo wangu. Lakini akija mtu kuniuliza, sidanganyi." Akauliza kama nimekula.

Nikarudi mezani. Nikamwambia afisa sisaini kitu kisichosahihishwa, hiyo ni kazi yangu. Akaangua kicheko: haya, fundi wa koma, fanya mambo! Akashika simu yake. Nikatoa kalamu. Koma mbili. Neno limerudiwa. Cheo cha Gavana kimeandikwa nusu. Nikafika kwenye umri.

Nikakata 61, nikaandika 66 pembeni.

Nikatia tiki chini, nikampa. Hakuitazama. Kaipandisha juu kwa mchapaji aichape upya, kasema nisiende mbali, ni kusaini tu na kukimbia redioni.

Saa sita na dakika ishirini. Mama mfagiaji anapiga deki mlangoni, kaniuliza mbona leo nimevaa koti ndani. Sikuwa nimegundua.

Mashine ya juu imenyamaza. Nasikia vile viatu kwenye ngazi — anashuka mbilimbili.

Anapiga mluzi.