Tai Niliyemchora Ubavuni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Baba amemaliza kupalilia pamba? Hapa Musoma kwa mama mdogo sote ni wazima, ila mimi tangu Jumapili nina jambo linanisumbua.

Unakumbuka nilipomaliza kidato cha nne ukaniuliza, "Kuchora kunamsaidia nani?" Nilinuna. Sasa najiuliza mwenyewe.

Fundi rangi anayenifundisha kazi alinipa mtumbwi wa kwanza kuupamba peke yangu. Ni wa tajiri mmoja wa hapa ufukweni, na nahodha wake ni kaka Marwa, mtoto wa mama mdogo. Nilichora tai ameshika sato. Nilipofika kifuani pa ndege, ubao ulikuwa laini, kidole kikazama. Pamba waliyozibia maungio ya mbao ilitoka nyeusi, imeoza. Mama, sikusema. Nilijaza tundu kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe. Nilitaka kifua cha tai kisiwe na kovu.

Watu walikuja kupiga picha. "Kumbe huyu bubu ana mikono!" walisema, maana wanajua mimi si msemaji. Nilifurahi, sikudanganyi.

Jumapili kaka Marwa na wenzake walirudi kuvua wakichota maji ndani ya mtumbwi kwa ndoo. Nikamfuata tajiri, nikamwambia kila kitu. Alicheka. "Binti, wewe chora tu. Mtumbwi mzuri hivi unaozaga wapi?"

Kaka Marwa naye akanitania, "Tai ataturusha, dada. Acha kutuchuria."

Leo jioni wanakwenda visiwa vya mbali, watu wanne. Mama mdogo ameshamfungia Marwa ugali wake. Ziwa limekuwa jeusi tangu asubuhi, na akina mama wameshaanua dagaa mchangani, hata waliokuwa bado wabichi.

Kama mchoro wangu unawaficha watu hatari, ni wa kazi gani? Nimechukua kikwangulio cha fundi. Nikimaliza hapa nashuka ufukweni kumkwangua tai, puti na yote, mpaka tundu lionekane. Fundi atanifukuza. Mdomo wangu ukikwama tena, basi waone kwa macho.

Barua namwachia mama mdogo ampe kondakta wa basi la Nyamuswa. Msalimie baba, na bibi anayenisukaga nywele. Mdogo wangu aliyerithi kitanda changu mwambie asogee kidogo ukutani, aniachie nafasi.

Mama, niombee niwakute bado hawajasukuma mtumbwi. Upepo umeanza kugonga mabati.

Mwanao,
Nyangeta